Kitenge Juu ya Jiwe

Mashine ya kusaga iliyo jirani na cherehani yangu hapa Mbarara ikiwashwa, harufu ya mazutu, yaani dizeli, hunirudishia baba yangu. Naona haya mpaka leo, siwafichi.

Wakati wa vita kule Kivu Kusini, baba alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya jeshi, Ziwa Tanganyika. Tulipokimbilia kambi ya Nakivale, huku Uganda, alipata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga. Alirudi jioni kope zimejaa unga, akinuka mazutu, nami nikiwatambia watoto wenzangu: baba yangu ni baharia! Jamani, nilipiga domo! Nilisema anaogelea kuliko samaki.

Nilipofika miaka kumi na miwili, zamu yangu ya kubatizwa ikafika. Kanisa letu lilibatizia katika ziwa la hapo Nakivale, na baba wa mtoto ndiye aliyengoja majini, kitenge mkononi, amfunike akiibuka. Siku hiyo baba alivaa shati jeupe. Alifika ukingoni, maji yakamgusa vidole, akasimama. Wimbo ukaisha, ukaanzwa tena.

"Baba Neema, kuya, mutoto anakungoja," mchungaji akamwita.

Alikibana kitenge kifuani, asisogee. Watoto wakaangua kicheko. "Baharia gani huyu, anaogopa maji ya kunyweshea ng'ombe!"

Mimi nilikuwa majini mpaka kiunoni. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Huyu haiko baba yangu. Ni mutu wa mashini tu."

Baba aliweka kitenge juu ya jiwe, polepole, akaenda zake. Jioni alinipakulia ugali kama kawaida, hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Mwaka jana, nikijiandaa kumbatiza mwanangu, nilimuuliza mama kama baba angekubali safari hii kumshikia mjukuu kitenge. Mama akaacha kuchambua maharage. Ndipo akanisimulia. Boti yao iliwahi kupita katikati ya raia waliokuwa wanazama, wengine wakishika ubavu wa boti. Amri ilikuwa kutosimama, na baba ndiye aliyekuwa kwenye injini. Akaongeza mwendo.

"Anaona bale bantu bako bado mu maji," mama alisema. "Kila maji."

Baba yu hai, bado anasaga. Kila nikienda Nakivale nabeba neno la kuomba msamaha; ananipangusia kiti, ananiuliza habari za watoto, nami narudi nalo Mbarara. Yeye aliwaacha watu kwa sababu aliamriwa. Mimi nilipomwacha pale ukingoni, nani aliniamuru?