Pikipiki Kubwa ya Kanisa, kutoka Panda hadi Mwadingusha

Niliondoka kwa sababu ya mke wangu, na nisiwafiche, sikutaka kuondoka.

Odile ni mkunga. Mwaka ule kompanyi ya madini ilikuwa imeshaacha kutulipa, na ambulensi ya mwisho hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, ilikuwa imewekwa juu ya matofali, magurudumu yake hayajulikani yalikokwenda. Odile aliwazungukia wajawazito kwa baiskeli, Panda yote na Kamatanda. Mara moja kwa juma alikwenda Mwadingusha, kule kwenye bwawa la umeme, kama akipata lori. Juma moja lori halikupatikana. Alipofika siku ya tatu, mama aliyekuwa akimngoja alikuwa ameshazikwa pamoja na mtoto wake. Odile hakulia mbele yangu. Alikwenda moja kwa moja kwa pasta akaomba apewe ile pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama mwaka mzima chini ya turubai nyuma ya kanisa. Iliachwa na mjiolojia mmoja Mzungu aliyekimbilia ndege na begi moja tu wakati maduka yalipoporwa. Ilikuwa ya zile zilizotengenezwa kuvuka jangwa: silinda mbili, tangi kama pipa, kioo cha kukinga upepo, makasha mawili ya bati pembeni, na kiti kinachonifika kiunoni. Vijana wote waliisifu. Hakuna aliyekuwa ameitoa nje ya ua.

Miaka mingi kazi yangu katika atelie, karakana za kompanyi hapa Panda, ilikuwa kujaribu magari yaliyotoka kutengenezwa. Sheria yetu ilikuwa moja: chombo hakitoki mpaka aliyekijaribu aandike kwenye karatasi inafaa au haifai, halafu atie sahihi. Kikiua mtu, jina ni lako. Kompanyi imekufa, sheria ile haikufa. Hata mashine ya jirani ya kusaga mahindi haikuanza kazi mpaka mimi niisikilize. Kwa hiyo pasta akatangaza kanisani: Papa Sylvestre, yaani mimi, aijaribu mpaka Mwadingusha, akiandika inafaa, Mama Odile ataichukua.

Mimi ni mwoga. Naogopa mto, naogopa radi, na mwaka ule niliogopa wanajeshi kuliko vyote, maana nao hawakulipwa na bunduki walibaki nazo. Kumfikiria Odile peke yake kwenye barabara ile kulinikausha mate. Ndugu zangu, nilitoka nyumbani nikitafuta sababu ya kuandika haifai.

Jioni ya kuamkia safari nilitayarisha mzigo. Katika atelie hatujaribu chombo kikiwa tupu, kwa sababu chombo kitupu kinadanganya. Odile angebeba masanduku ya dawa na pengine mgonjwa nyuma, basi nilihitaji uzito. Unga ni chakula, huwezi kuutikisa barabarani siku nzima. Mchanga unavuja. Nyuma ya nyumba yangu kuna ukuta ulioanguka, nikaokota mawe yake nikayajaza makasha yote mawili. Sikuyatazama. Nani hapa Likasi anatazama mawe?

Saa moja asubuhi nilipanda. Nasema nilipanda, lakini kwa kweli nilisimama juu ya tofali la saruji nikarusha mguu. Mguu mmoja uligusa chini kwa vidole tu, mwingine ukaning'inia. Odile alishika usukani mpaka nikatulia. Yeye ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima, na niliona analipima hilo kwa macho.

"Inawaka?" akauliza.

"Inawaka. Lakini haina kiki ya kuwashia kwa mguu, iko na batri tu. Batri ikikufa, unalala porini."

"Bon. Andika," akasema.

Kutoka Panda mpaka mjini nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Kwenye mwendo mdogo mashine ile ni nzito, inataka kulala upande, na mguu wangu wa kulia uliungua kwa joto la injini. Kugeuza katikati ya watu sokoni kulinitoa jasho. Nilisimama nikaandika yote: nzito, ndefu, moto, inakunywa petroli. Nikafurahi moyoni. Karatasi ilikuwa inajaa vizuri.

Baada ya Kamatanda barabara ikafunguka, na hapo furaha yangu ikaharibika, kwa maana mashine ikawa nyingine kabisa. Mashimo yaliyovunja springi za malori yetu iliyapita kama hayapo. Breki zilishika bila kuvuta upande. Kioo kilikata upepo na vumbi. Kwenye kilima ambacho gari la kompanyi hupanda kwa kulalamika, hii haikubadilisha hata sauti. Nimejaribu vyombo vingi, sijawahi kukalia kizuri kama kile kikiwa kwenye mwendo. Nikasimama chini ya nguzo ya umeme, nikayaandika hayo pia. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliyaandika.

Saa nne hivi nikaona barieri, kamba ya wanajeshi iliyokatiza barabara. Kwetu kila mtu anajua heshima ya barieri: hatua hamsini kabla, unazima injini, unashuka, unavua kofia, unasukuma chombo chako kwa miguu mpaka kwenye kamba. Mwenye kufika injini inanguruma anachukuliwa kama adui. Nikazima, nikashuka, nikavua kofia, nikasukuma. Pikipiki haikusogea hata kidole. Mashine yenyewe nzito, mawe juu yake, na pale barabara inapanda. Nikasukuma tena mpaka macho yakaona giza. Wanajeshi wanne walikuwa wananitazama. Nikaona nikikaa pale watadhani nina ninachoficha, nikapanda juu ya jiwe, nikaiwasha, nikaenda polepole kabisa. Bunduki mbili zikainuka.

"Zima!"

Nikazima. 

Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye miwani ya jua. "Papa, unatoka wapi na hii kintu?"

"Natoka Panda, chef. Ni ya kanisa. Naijaribia mpaka Mwadingusha. Bibi yangu ni mukunga, yeye njo atakuwa anatembea nayo."

"Fungula makasha."

Nikafungua. Akachukua jiwe moja, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba. Likatoka kijani, kijani kabisa, kama jani la muhogo lililoloweshwa. Akachukua la pili, nalo likawa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoyaona mawe ya ukuta wangu kwa mara ya kwanza. Watu wa zamani wa Panda walijengea walichokiokota, na walichokiokota kilikuwa na shaba.

"Weye njo mwizi ya madini," akasema, bila kupandisha sauti.

"Hapana, chef. Ni uzito tu. Ni mawe ya nyuma ya nyumba yangu."

"Nyuma ya nyumba yako kuko mine ya shaba?" Wenzake wakacheka. "Muntu gani anatembeza mawe ya bure? Unasema bongo, Papa, unatudanganya."

Wakanivua viatu, wakanikalisha chini kwenye jua. Mchimbaji mmoja wa Kamatanda alikuwa amekalishwa pale pale siku chache kabla kwa gunia moja la mawe kama hayo, na mama yake alikuwa bado anamtafuta. Nilijua habari hiyo, kila mtu aliijua. Nilijaribu kusali, maneno ya sala yakanikimbia. Nikabaki nikitazama viatu vyangu kwenye miguu ya mtu mwingine. Halafu nikamwona Odile, kwa mawazo tu, amekaa pale nilipokaa, naye bila viatu.

Karibu saa saba chef, yule mkubwa wao, aliamua kuichukua pikipiki. Wenzake walimwinua mpaka kwenye kiti. Nikasema, "Chef, mawe itoke kwanza." Akaniambia ninyamaze. Akawasha, akavuta mafuta, ikamchukua vizuri mpaka kwenye mti wa mbali. Pale akataka kusimama ageuke. Mguu wake ukatafuta ardhi, haukuipata. Mashine ikalala polepole, yeye chini yake.

Wenzake walikimbia wakaanza kuvuta, kila mmoja upande wake, naye anapiga kelele. Mimi nikakimbia nyuma yao miguu mitupu. Sijui nilitoa wapi ujasiri, nadhani ni kazi tu iliyonisukuma. Nikawaambia waache. Nikafungua makasha, nikamwaga mawe, nikaipa mashine mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani na fremu, nikasukuma kwa miguu kama tulivyoinua injini atelie. Ikasimama.

Chef akakaa chini anashika kifundo cha mguu. Miwani ilikuwa imevunjika, na bila miwani alionekana kijana kuliko nilivyodhani.  Nilikuwa nimemwona akianguka, na nilijua mkubwa hapendi aliyemwona akianguka. Nikasubiri risasi. Kweli kabisa, niliisubiri, nikawa nahesabu pumzi.

"Hii kintu iko na shetani," akasema mwishowe. "Ondoka nayo. Mawe inabakia."

Mawe wakayapanga vizuri kando ya kibanda chao, na viatu vyangu navyo vikabaki. Sikudai kitu.

Saa tisa alasiri niliingia Mwadingusha, maji ya mto Lufira yananguruma chini ya bwawa. Mwenyeji wangu alikuwa Papa Kaseba, mlinzi wa mitambo na ndugu wa kanisa letu. Alinitazama miguu mitupu. Akaniletea maji ya kuoga na ndala zake, halafu bukari, ugali wetu, na samaki. Bukari ikaniangukia mara mbili.

"Mama Odile anakuya siku gani?" akauliza nilipomaliza.

"Bado haijulikane."

"Bibi ya mutoto yangu, mwezi yake imefika." Mkwewe alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, tumbo limemjaa mapajani. Hakutazama juu, lakini mikono yake iliacha kuchambua ili asikie jibu. Papa Kaseba akaendelea: "Ule mama mwenye alikufa juma lile alikuwa rafiki yake. Tunasikilizaka sasa kila lori."

 Nilisema nimechoka, nikaenda kulala mapema.

Asubuhi yake nilirudi kwa njia ile ile, kwa maana hakuna nyingine. Hatua hamsini kabla ya barieri nikazima, nikashuka, nikavua kofia, nikasukuma. Safari hii makasha yalikuwa matupu, nikaweza, ingawa nilifika mapafu yanataka kutoka. Chef alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa kitambaa. Hakupekua kitu. Aliniacha nipite kamba, kisha akaniita.

"Papa. Ule bibi yako mukunga. Atapita siku gani?"

Mpaka leo sijui aliuliza kwa wema au kwa ubaya. Uso wake haukuniambia. Nilijibu kwamba sijui, nikaondoka, na kilomita nyingi nilijisikia mgongo wangu uko wazi.

Saa sita nikafika nyumbani. Odile alikuwa uani anachemsha mikasi yake. Nikamwambia yote, mawe, viatu, bunduki, swali la chef. Sikupunguza, labda hata niliongeza. Alisikiliza akigeuza mikasi majini. Halafu nikatoa karatasi na kalamu.

"Juu ya barabara iko namna gani?" akauliza.

"Juu ya barabara ni chombo kizuri kuliko vyote nilijaribia."

"Na kusimama?"

"Mguu yako haitafika chini. Na barabara yetu ni ya kusimama, Odile. Kila mahali ni kusimama. Kusukuma hautaweza, kuiinua hautaweza." Na hilo lilikuwa kweli tupu, ningeweza kuliapia mbele ya injinia yeyote. "Naandika haifai."

Hakubishana. Akakaa karibu yangu kwenye benchi. "Unajua kwa nini nilikuomba kwa pasta? Bijana walikuwa bengi benye kutaka kuijaribia. Nilisema hapana, Papa Sylvestre tu. Sababu weye unaogopa. Muntu mwenye haogopi anarudia anasema yote iko muzuri, halafu miye nakufa. Weye, nilijua utaniambia kweli." Akaweka kidole juu ya karatasi. "Basi niambie kweli. Hakuna namna?"

Kulikuwa na namna, na nilikuwa nimeijua tangu barieri, nilipoiinua mashine kwa mgongo wangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiikwepa. Nikaandika: Chombo kinafaa. Mkunga akae nyuma. Chini, palipoandikwa dereva, nikaandika jina langu, na mwandiko wake ni mbaya, unatetemeka, pasta mwenyewe aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikatia sahihi.

Odile akasoma. "Utaweza?"

"Sijui," nikamwambia.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulitoka, dawa kwenye makasha, yeye nyuma yangu na kanga kichwani. Njiani alinisimulia habari za kwaya, za bei ya chumvi, za mtoto aliyezaliwa Kamatanda na meno. Nikajisemea, huyu mwanamke Mungu alimuumba bila woga. Miaka kumi na tisa ya ndoa nimejisemea hivyo, na nilikuwa naona haya mbele yake.

Tulipoiona barieri akanyamaza. Hatua hamsini kabla nikazima injini, nikavua kofia, chef akainuka kwenye kiti chake akaanza kuja, anachechemea. Mashine ilikuwa imetulia, lakini mimi nilikuwa bado nasikia mtetemeko tumboni. Nikadhani ni wangu. Nikatazama chini, ilikuwa mikono ya Odile, imeshikana pale mbele ya mshipi wangu, inatetemeka kuliko yangu ilivyowahi kutetemeka. Nikaweka mkono wangu juu yake, nikauacha hapo mpaka chef alipotufikia.