Pleko Wawili na Baba Mkwe

Nyumba tuliyopanga Kitale, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, ilikuwa na dirisha dogo kati ya jikoni na sebule, la kupitishia sahani. Sisi hatukupitisha sahani hapo. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa friji, alikuwa ameliziba kwa tangi la kioo la samaki, likabaki pengo dogo tu juu. Alipewa na mtafiti mmoja wa mahindi, mgeni aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ndani mlikuwa na samaki wawili wanaoitwa pleko, dume na jike, weusi wenye madoa, wadogo wa kutosha kulala kwenye kiganja. Mdomo wao uko chini ya kichwa, nao huubandika kwenye kioo au jiwe na kulamba ule utando wa kijani. Dume alikuwa na ndevu za nyama zilizomwota puani. Mtu akimwona mara ya kwanza hucheka.

"Usiwawekee maua ya plastiki," yule mtafiti alimwambia mume wangu. "Hao wametoka mtoni. Watengenezee mto."

Basi mume wangu akatengeneza mto. Kila tulipotoka kuwasalimia watu wake Bokoli, alishuka njiani kwenye mto Kamukuywa, akakunja suruali, akaingia majini kuchagua mawe. Alileta mchanga kwenye gunia la mbolea, akauosha mpaka ukaacha kutoa tope. Alileta na mzizi wa mpera, akauchemsha kwenye sufuria yangu.

"Na ugali nitapikia wapi?" nilimuuliza.

"Tutakula mkate leo."

Mzizi ule uliyafanya maji ya tangi yawe na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Wageni walidhani hatujui kubadilisha maji. Lakini jua la asubuhi likipenya dirisha la jikoni, mawe yale yaling'aa, majani makavu ya mpera yakalala kwenye mchanga, na wale pleko wakatambaa juu ya mzizi wakiukwangua taratibu. Nilisonga ugali nikiwatazama.

Mwaka wa pili, baba mkwe akaja kukaa nasi. Mguu wake ulikuwa na kidonda kilichokataa kupona, na daktari alitaka kukitazama kila wiki. Alikuwa mjane, mtu wa ng'ombe na mahindi, mrefu, wa maneno machache. Nilimwogopa. Kwa mila yetu mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, wala hawaongei ovyo. Nilipompelekea chakula niliweka mezani nikiwa nimeinamisha macho, nikaondoka. Akitaka kitu, alimtuma binti yetu mdogo: "Mwambie mama naomba maji."

Shida ilikuwa asubuhi. Mume wangu kazini, mtoto shule ya chekechea, na nyumba nzima tumebaki wawili, yeye sebuleni mguu umeinuliwa juu ya stuli, mimi jikoni. Kati yetu, tangi.

Siku moja nilisikia akisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ndama: "Wewe wa ndevu, si hata wewe umeona chai inachelewa leo?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Kisha nikainama karibu na kioo. "Samaki, mwambie baba maziwa yamechelewa kuletwa. Chai inakuja."

 Nikasikia kicheko kifupi, cha puani, upande wa pili.

Tangu siku hiyo tuliongea hivyo. Kupitia samaki nilijua kwamba kidonda kilimuuma zaidi kukiwa na baridi, kwamba hapendi mboga iliyotiwa nyanya nyingi, kwamba marehemu mke wake alikuwa akiimba akikamua. Kupitia samaki alijua kwamba mimi nimezaliwa Matulo, na kwamba nilitaka kusomea ushonaji. "Samaki," akasema, "cherehani si kitu kubwa. Mtoto yangu amesikia hiyo maneno?" Nikajibu kwamba hajayasikia. Wiki iliyofuata mume wangu aliyasikia kwa baba yake.

Kwa kuwa mzee alikaa pale kutwa, yeye ndiye aliyeona mayai. Mume wangu alikuwa amevunja chungu changu cha zamani na kukilaza mchangani kiwe pango, na dume alikuwa ameingia humo na hatoki.

"Kwani mama amekuachia watoto?" nilimsikia akimuuliza. Nilichungulia. Ndani ya chungu kulikuwa na kichala cha mayai ya rangi ya chungwa, na yule dume amelala juu yake akiyapepea kwa mapezi. Jike alipokaribia, alimfukuza. Nilitia kipande cha malenge alichokipenda, hakutoka.

"Hii ni baba kweli," mzee akasema. 

Ilikuwa Julai, na baridi ya Kitale mwezi huo mnaijua. Mume wangu alikuwa amesafiri kikazi Bungoma. Asubuhi, mvua ikinyesha, umeme ukapotea mtaa mzima. Tangi lilikuwa na kifaa cha kupasha maji joto, nacho kikafa pamoja na taa. Tulingoja. Umeme haukurudi. Niliposhika kioo kilikuwa baridi, na dume alikuwa akipepea polepole kuliko kawaida.

Nikawasha jiko la makaa. Nikachemsha maji, nikayajaza kwenye chupa za soda, nikazifunga vizuri. Lakini kutoka upande wangu mkono haukufika katikati ya tangi, penye chungu. Nilisimama na chupa ya moto ndani ya kanga, sijui nimwambie samaki au baba mkwe mwenyewe.

Nikasema, "Baba, pokea hii."

Alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja. Mkono wake ukaja juu ya maji, wangu ukatoka upande huu, vidole vikagusana. Sote wawili tukaganda. Mvua ilipiga mabati.

"Mwanangu," akasema, "maji inapoa. Leta ingine."

Nikaleta. Alizishikilia chupa majini mpaka zikapoa, akanirudishia, nikajaza tena. Alivua blanketi lake magotini, akalizungusha kwenye kioo. Tuliendelea hivyo mpaka alasiri umeme uliporudi, tukiongea moja kwa moja kama watu wowote wenye kazi moja. "Hii ni moto sana." "Isogeze kando kidogo, baba." "Ati itaunguza mayai?" "Hapana, hapo ni sawa."

Mume wangu aliporudi alikuta tangi limefunikwa blanketi na baba yake amelala kitini bila kitu cha kujifunika. Alinitazama. Nikaendelea kuchambua mboga.

Baadhi ya mayai yaligeuka meupe, dume akayatupa nje. Mengine yalianguliwa, tukaona vitoto vyenye matumbo ya manjano vimejibandika kila mahali kwenye chungu. Mzee aliita majirani waje waone. Kidonda kilipopona bado alikaa wiki kadhaa, akisema anangoja wakue.

Alirudi Bokoli, na huko mila ikarudi mahali pake. Nilimsalimia kwa mbali, naye akajibu kwa mbali. Sikuumia. Kulikuwa na jinsi alivyoinua kidevu aliponiona, na nilijua maana yake.

Miaka ya tisini tulihamia Bungoma. Vitoto tulikuwa tumeipa shule moja ya sekondari. Wale wawili wakubwa tuliwabeba kwenye ndoo. Bungoma ni joto kuliko Kitale, dume akaishi miaka mingi zaidi. Baba mkwe ndiye aliyetangulia kufa. Baada ya mazishi, tukiwa tumeketi uani, mume wangu alisema hakuwahi kuelewa kwa nini baba yake alikuwa akimuuliza habari za samaki kila alipokwenda kumwona.

Hapo ndipo nilipomsimulia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akaniomba nianze tena, ile sehemu ya mvua.