Magurudumu ya Mzee Gicheru

Wachuka binti Theuri alisomea uhandisi ng'ambo, akarudi kwao Wamagana mwanzoni mwa miaka ya themanini na shahada, koti zito, na kazi ambayo mama yake alishindwa kuieleza kanisani.

"Anaweka treni ndani ya mashine," mama alisema, "halafu anaikimbiza mpaka magurudumu inaisha."

Wenzake walimpa pole.

Lakini ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Katika ofisi ya reli pale Kiganjo, Wachuka aliilisha kompyuta uzito wa mabehewa, kona za njia ya Nanyuki na mwendo wa treni, nayo ikabashiri kila gurudumu litalika kiasi gani. Jua likizidi, mashine ilisusa kama bibi harusi, ikapepewa kwa gazeti.

Treni zote zilikubaliana nayo, isipokuwa injini ya mzee Gicheru. Magurudumu yake yalikuwa yameliwa kingo maradufu ya ilivyobashiriwa. Mkubwa wa ofisi, Bwana Nderitu, alicheka hadi tai ikaingia kwenye chai.

"Mganga wetu amepotea njia!"

Wachuka alinuna, akarudi kwenye mashine. Akaongeza uzito, wapi. Akakaza kona, bado. Basi akaongeza mwendo kwenye mteremko wa kushukia Karatina, na hesabu zikaingiana kama chanda na pete.

Akamfuata Gicheru stesheni. "Mzee, ukishuka Karatina unakimbiza treni."

"Nani amesema?"

"Magurudumu."

Gicheru, mzee wa kanisa, akatoka jasho. "Ati magurudumu? Imekuambia pia naenda kwa nani?"

Hilo Wachuka hakuwa ameuliza. Lakini stesheni nzima ilisikia, na habari ikamfikia Kagure, mke wa Gicheru, kabla mumewe hajafika nyumbani. Safari iliyofuata Kagure alijifunga kitambaa, akamshika Wachuka mkono. "Twende, wewe na hesabu yako." Wakapanda behewa la nyuma, dereva asijue.

Mteremkoni treni ilipaa. Kuku wa abiria mmoja alipita juu ya vichwa vyao. Karatina, Gicheru aliruka chini injini ikiwa bado inapumua, akakimbilia kibanda cha Wacera nyuma ya soko. Walimkuta ameinamia mutura ya moto, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Wacera mwenyewe alikuwa ajuza wa meno mawili.

"Nikichelewa inaisha," Gicheru alijitetea, mdomo umejaa.

Kagure aliitazama ile mutura. "Mwanamke ningesamehe," akasema. "Kumbe ni kupika yangu!"

Gicheru alihamishiwa uwanja wa stesheni kusukuma mabehewa matupu kwa mwendo wa kinyonga. Nderitu akaanza kumwita Wachuka "Injinia", ingawa kwa sauti ya chini. Taabu ilikuwa kina mama, waliofika ofisini kutoka Nanyuki hadi Kiriaini.

"Niangalizie bwanangu," mmoja alisema.

"Anaendesha treni?"

"Ni mwalimu."

"Mama, mwalimu hana magurudumu."

"Ako na baiskeli," mama akajibu, akavuta kiti, akakaa.