Siku Niliyobebwa kwa Jina la Mamkwe

Naona aibu hata leo kuwasimulia, ingawa wengi walioniona siku ile wameshatangulia, na nikiwakumbuka natamani wangekuwepo wanicheke tena. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami kijana wa Kagoma niliyeoa juzijuzi, nikajiona hakuna mwenye nguvu kama mimi.

Kijijini tulikuwa na chama cha machela: kila nyumba inatoa mtu wa kubeba, na nyumba hiyo ikipata mgonjwa, wenzake wanambeba hadi hospitali ya Rubya. Mzee Kaijage, mkuu wa chama, alipokuja kuniandika nikamjibu, "Mzee wangu, mimi siugui. Nibebe watu milima yote ile kwa faida gani?" (Kinywa changu hiki!) Akafunga daftari lake, akaenda zake.

Haikupita miezi miwili, mvua imenyesha, nikateleza kibanjani na mkungu wa ndizi kichwani, mguu ukavunjika, nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mke wangu Koku akakimbia kumwita Mzee Kaijage, akaja na wenzake.

"Niandike sasa hivi, mzee," nikalia.

"Chama huandika wazima, mwanangu. Kila mtu akingoja avunjike, nani atabeba?"

Ndipo akatokea mamkwe, mjane, ambaye kwa kuwa hakuwa na mwanamume wa kumtuma, miaka yote aliwapikia wabebaji ndizi na maharage, akasema mbele ya wote, "Nyumba yangu imo chamani. Huyu ni mtoto wangu. Mbebeni."

Wakanibeba. Mimi, mkwe, niliyepaswa hata kumpisha njia kwa heshima, nimelala chali, yeye anatembea ubavuni akinifunika kwa kanga yake (kaptula ilikuwa imepasuka, sitaki kusema wapi), na tukapita katikati ya gulio! Kila aliyeuliza, "Nani mgonjwa?" alijibiwa kwa sauti, "Mtoto wa Mama Koku!" Wabebaji wenyewe wakaangua kicheko, machela ikayumba, nikaficha uso.

Nilipopona nikajiandikisha, nikabeba miaka mingi, na safari moja niliyembeba alikuwa mamkwe mwenyewe, mwepesi mno, akininong'oneza nisikimbie.

Tangu hapo nikisikia pameanzishwa chama cha kusaidiana katika ugonjwa, naandikwa siku ya kwanza, nikiwa mzima, tena nauliza kabisa: katika nyumba yangu, nani yumo na nani hayumo?