Waliopotea kwenye Daftari la Moshi

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, si mbali na Darajani, na ngazi zake za mbao zililia kila nilipokanyaga, nikaona haya hata kupanda. Saa mbili ikafika. Nikasikia watu wanaingia kwa mlango wa nyuma, vikombe vinagongana, redio inawashwa. Mimi nimekaa ngazini na bahasha yangu ya vyeti. Saa tatu kasorobo akatoka mwanamke mnene mwenye miwani, anataka kumwaga chai iliyopoa, akanikuta.

"Wewe ndiye mtoto tunayemsubiri?"

"Naam. Shikamoo."

"Marahaba. Na mbona umekaa hapa kama paka wa watu?"

Huyo alikuwa Bi Msimamizi, mkubwa wangu wa kazi tangu siku hiyo mpaka mwisho.

Nnajua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliokwisha kuagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mimi nina miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilidumu mwaka mmoja na miezi minne na ushei. Lakini imekwisha, na katika kwisha kwake nimo. Nawaandikia nyinyi mtakaokuja kuifanya, kama itarudi.

Nilipokuwa darasa la pili, ghala la dawa za mashamba liliungua nyuma ya mtaa wetu. Mtaa siutaji, waliobaki pale wamechoka kuulizwa. Moshi ulilala vichochoroni siku tatu, wa manjano, haupandi juu kama moshi mwingine. Asubuhi ya kwanza mama alinipeleka kwa shangazi Makunduchi, ndiyo maana jina langu halimo kwenye daftari. Wengine walibaki kulinda vitu vyao, na wengine walikwenda karibu kutazama. Baadaye kila aliyeuvuta moshi ule aliandikwa jina, umri, na alilala wapi siku zile tatu. Hilo ndilo tuliloliita daftari, ingawa lilikuwa ndani ya kompyuta.

Kila baada ya miezi sita, kila aliyemo kwenye daftari alitakiwa kupimwa pumzi. Unabana midomo kwenye bomba la plastiki, unavuta hewa mpaka mwisho, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote, na mashine inaandika kifua kimetoa hewa kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Faida yake iko katika kukilinganisha na cha miezi sita iliyopita, na cha mwaka juzi. Mratibu wetu, daktari mwembamba asiyependa kupandisha sauti, alinieleza wiki ya kwanza.

"Mapafu hayaharibiki kwa kelele," alisema. "Mtu anashuka kidogo kidogo, anadhani ni uzee. Hawa inafaa tuwatazame miaka ishirini."

Bi Msimamizi alikuwa anapanga mafaili. "Mwambie na pesa za miaka ishirini anatoa nani."

"Hakuna anayetoa za ishirini. Mfadhili anatoa za miaka mitatu. Tukimridhisha, anaongeza mitatu."

"Na asiporidhika?"

"Asiporidhika tunafunga, na waliomo kwenye daftari hawana pengine pa kupimwa bure, wala pa kupata dawa za kifua." Alisema kwa upole, akarudi kwenye kazi zake. Miaka mitatu ya wakati huo ilikuwa imebaki mwaka na kidogo.

Cheo changu kiliitwa mfuatiliaji. Nikipewa orodha ya watu ambao zamu yao ya kupimwa imefika, nawaendea majumbani, nawakumbusha, na asiyeweza kuja peke yake namleta. Simu hazikusaidia sana. Kinamama wengi waliandikisha namba za watoto wao, na watoto hubadilisha laini kila siku. Kwa hiyo ilikuwa miguu na mlango. Ukimkuta mtu unaandika tarehe. Usipomkuta unaandika "hakuonekana", na zikifika tatu mfululizo kompyuta inamhamisha yenyewe kwenye orodha ya waliopotea, na jina lake halikutokei tena.

Bi Msimamizi alinifunza jambo moja kwa ukali kuliko yote. "Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Usimwambie jirani umetoka wapi wala umekuja kufanya nini. Umenisikia?"

Nilimsikia kupita alivyokusudia. Jirani akiniuliza namtaka nani, nilisema nimekosea mlango, nikaondoka haraka.

Nilianzia shamba, kusini, kwa waliohamia kwa jamaa zao baada ya moto. Kule kazi ilikuwa nyepesi. Watu wako uani au kwenye mwani, wanakuona kabla hujafika, na mtoto anakimbizwa amwite anayetakiwa. Miezi sita nilisifiwa. Kisha nikahamishiwa mjini, Michenzani na Mji Mkongwe, na mjini kuna milango.

Chuoni, tulikosoma Kurani, tulifundishwa adabu ya mlango: hodi mara tatu, hujajibiwa, rudi zako, usichungulie. Nami hodi yangu ilikuwa ndogo. Kule Michenzani kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Haji, ghorofa ya kwanza, kiti chake kiko nyuma ya mlango kabisa. Mara ya kwanza alifungua kwa ghafla, nusura nianguke.

"Unapiga hodi au unauomba mlango radhi?"

"Shikamoo, babu. Nimekuja kwa ajili ya kipimo."

"Marahaba. Mwambie na mlango, ndiye uliyekuwa ukizungumza naye."

Mzee Haji alikuja kupimwa kila zamu, na alipuliza vizuri mpaka akawa anajisifu mbele ya wengine. Wapo wengine kama yeye, wanaofungua mlango haraka. Kwenye milango mingine nilisema hodi zangu tatu, nikatega sikio, nikaona kimya, nikaandika "hakuonekana". Nitasema ukweli: kimya kile nilikipenda. Kiliniondolea kuzungumza na mtu nisiyemjua.

Mwezi wa mwisho wa awamu ile ya miaka mitatu alikuja Mkaguzi wa mfadhili. Alikuwa mwanamke mpole, alikula halua yetu na kuuliza majina yetu. Alitandaza michoro ukutani kwa mashine ya mwanga. Mchoro wa kwanza ulionyesha kwamba waliopotea mjini wameongezeka mno katika miezi tisa. Wa pili ulionyesha kwamba wale waliobaki, pumzi zao zimetengemaa, baadhi zimepanda.

"Hii ni habari njema," alisema. "Madhara yanafifia, na watu wenyewe wanaacha kuja kwa sababu hawaumwi. Mfadhili haoni haja ya awamu nyingine."

Namkumbuka Mratibu akiuangalia mchoro wa pili kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake na asiitambue. Miezi tisa ndiyo miezi yangu ya mjini. Lakini hata hapo nilijiambia kwamba kama hawakuonekana, hawakuonekana.

Tulipewa wiki sita za kufunga. Kazi yangu ya mwisho ikawa kupeleka barua za kuaga kwa kila aliyemo kwenye daftari, pamoja na waliopotea, kwa anuani ya mwisho, na kila barua isainiwe. Kama hakuna wa kusaini, nisubiri. Mratibu aliandika hivyo kwa mkono wake: nisubiri.

Barua ya pili ilikuwa ya Bi Zuhura, mama wa makamo anayekaa chumba cha mwisho cha nyumba ndefu yenye giza, Mji Mkongwe. Binti yake anauza viungo Darajani mchana kutwa. Nilikuwa nimeandika "hakuonekana" tatu kwa mlango ule. Nikapiga hodi zangu tatu, kimya, nikakaa barazani kusubiri labda binti atarudi kwa adhuhuri.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nikasikia kitu kinaburura ndani, kinasimama, kinaburura tena. Kisha komeo likavutwa. Bi Zuhura alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, midomo yake haina rangi.

"Karibu," alisema. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayepuliza moto uliozimika.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Ulikuwa... upo ndani?"

"Marahaba. Nipo ndani tangu mwaka jana." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye yule."

"Yule gani?"

"Mwenye sauti ndogo. Unakuja, halafu unankimbia." Nikamshika mkono, tukarudi polepole mpaka kitandani. Akapumzika kabla hajaendelea. "Hodi ya kwanza nnakaa. Ya pili nnashusha miguu. Ya tatu ndo kwanza nnatafuta pumzi ya kukuitika. Nkiipata, wewe nshakusikia unashuka barazani. Nkasema, mtoto huyu ana haraka gani?"

Nilikuwa na barua zaidi ya thelathini za waliopotea ndani ya mfuko, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ni za nani. Wenye pumzi walinifungulia mlango. Wasio nayo niliwaandika kwamba hawapo.

"Nsomee hiyo barua," alisema.

Nikaisoma, kwa sababu sikujua kukataa. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba wengi wa waliopimwa hali zao zimetengemaa, alininyooshea kidole ninyamaze.

"Kina nani hao?"

"Kama Mzee Haji wa Michenzani, na wenziwe."

"Haji nnamjua. Tulikuwa mtaa mmoja." Akajaribu kucheka, kikawa kikohozi kirefu. "Haji wiki ile ya moshi alikuwa Pemba, arusini. Kaingia siku ya mwisho, wenzake tushaushiba moshi."

Siku hiyo sikurudi ofisini. Nilikwenda mlango mwingine, wa tatu, wa nne. Nilipiga hodi nikakaa chini nikasubiri. Mmoja kwa kweli alikuwa amehama. Watatu walikuwa ndani.

Asubuhi yake nikaingia kwa Mratibu bila kuitwa, jambo ambalo sijapata kulifanya, nikamwambia yote, na sehemu ile ya kupenda kimya pia. Hakunigombeza. Aliuliza, "Wangapi?"

"Sijui, daktari. Inawezekana karibu wote wa kwangu."

Bi Msimamizi alikuwa mlangoni, amesikia. Nilingoja anitolee maneno. Akavua miwani. "Fomu zake zote nlizisaini mimi," alisema. "Hakuniuliza kitu, na mimi skumuuliza. Nkaona mtoto mtulivu, hana matatizo."

Tulichukua mashine moja ndani ya begi, mimi naye, tukaenda nyumba kwa nyumba wiki nne. Yeye alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na bado tulisubiri. Kwa Bi Zuhura mashine ilikataa. Kila alipopuliza iliandika namba ndogo na kumtaka arudie, kama vile amekosea kupuliza. Mara tatu. Mara ya nne Bi Msimamizi akaichukua mkononi, akaitazama muda.

"Hajakosea," alisema. "Ndiyo pumzi yake hiyo."

Tukaziandika namba hizo kwa mkono pembeni. Mratibu akatuma namba zote kwa Mkaguzi pamoja na maelezo yangu niliyoyasaini. Nilifanya kosa kubwa kuliko la kutosikika: nilidhani tukishasema ukweli, mambo yatarudi yalivyokuwa.

Jibu lilikuja kwa adabu. Walishukuru kwa uaminifu wetu. Walisikitika. Awamu imekwisha kufungwa na fungu limekwenda kwingine. Mwakani tunaweza kuomba upya, pamoja na waombaji wengine, na tueleze vipi kosa kama hili halitatokea tena. Mashine zirudishwe.

Mratibu alilisoma mbele yetu, akalikunja, akaenda kujifungia chumba cha vipimo ambacho tayari kilikuwa kitupu. Ilikuwa siku yangu ya mwisho. Bi Msimamizi alinipa kanga mpya, akanisindikiza mpaka chini ya ngazi. "Maombi ya mwakani nitayaandika mimi na yeye," alisema. "Wewe tuandikie kazi ilivyokuwa. Usijipambe."

Nimeandika. Nyinyi mtakaoifanya kazi hii, siri ya mgonjwa ichungeni, lakini kumuuliza jirani kama fulani yupo ndani si kutoa siri. Na adabu ya hodi tatu ni nzuri, lakini nyumba ya mwenye kifua kibovu kaeni barazani robo saa kabla hamjaandika neno. Na kama nyinyi ni waoga wa watu kama mimi, semeni siku ya kwanza, mpewe mwenzenu. Mimi sikusema.

Siku hizi nasaidia dukani kwa mjomba, Bububu. Alkhamisi nnashuka mjini, nnapita kwa Bi Zuhura. Sina mashine wala fomu. Wiki iliyopita alinikuta barazani kama kawaida, tukaburura miguu mpaka ndani, akanyamaza kutafuta pumzi, akaniuliza:

"Wameshaniandika kuwa nimepatikana?"

"Tumekuandika, Bi Zuhura."

"Basi wanakuja lini kunipima?"

Nikamwambia hawaji. Nikamwambia ofisi imefungwa, mashine zimekwenda, mwakani wataomba na huenda wasipewe. Nilisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu alikuwa ananitazama mdomoni.

Akatafuta pumzi tena. Safari hii sikuondoka. Kisha akajisogeza kidogo ukutani, akapiga godoro kwa kiganja, pale alipotaka nikae.