Vitunguu vya Mbegu Nilivyowapa Wageni

Wanangu mnaolima bustani ya shule hapa Kinyangiri, nawaandikia mimi, bibi yake Neema wa kidato cha pili. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya irukeni mwendelee. Juzi Neema alikuja na furaha. "Bibi, vitunguu vya shule vingine vimetoa maua vyenyewe. Tutakusanya mbegu, mwakani hatununui." Nikamwambia akae chini kwanza. Neno hilo nililisema mimi kabla mama yake hajazaliwa, na waliolipia ni watu wa nyumba nzima.

Nakumbuka ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa yangu. Nilitoka Ikungi, kwa Wanyaturu, nikaolewa huku kwa Wanyiramba, nyumba ya vitunguu. Mama mkwe alikuwa na mbegu yake aliyopewa na mama yake mzazi. Kila mavuno alipita yeye kwanza kwenye majaruba, vile vipande vya shamba letu bondeni, peke yake, akichagua vitunguu vya mbegu: vyekundu, vya mviringo, shingo nyembamba iliyofunga vizuri. Alivitandaza juu ya uchanja jikoni, moshi uvipitie kwa mbali. Hata mboga ikikosa kiungo, vile havikuguswa.

Mwaka ule wifi yangu mkubwa alijifungua huko Shelui, mama mkwe akaenda kumwangalia. Kabla ya kuondoka akaniita jikoni.

"Mke wa Yohana, baridi ikianza, hivi uvipande. Vitatoa maua, nyuki watakuja. Ukiona mbegu zimekuwa nyeusi, kata vichwa ukaushe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Maneno niliyaelewa. Sababu sikuuliza, na wanangu, hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Wiki mbili hazijaisha, shangazi zangu wawili wakaja kutoka Ikungi kuniona. Mnajua kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, sembuse mgeni wa upande wa mke, maana akifika kwao ataulizwa binti yetu anaishije. Jogoo walikuwa wanne uani. Lakini kuku ni lazima nimwombe mume wangu, naye alikuwa malishoni na ng'ombe mpaka jioni, na shangazi walishafunga mizigo. Nikainua macho kwenye uchanja. Vitunguu kama ngumi ya mtu mzima, vinang'aa. Nikavijaza vyote kwenye kikapu.

Shangazi mkubwa akacheka. "Kumbe tulikuoza kwa matajiri!"

Neno hilo lilinishibisha siku nyingi.

Baridi ikaja, sina cha kupanda. Nikashuka bondeni, na kwenye majaruba yetu nikakuta vitunguu vichache vya zao la pili vimejichanulia vyenyewe, havina hata miezi minne tangu tuvipandikize. Nikajisemea, mbegu ni mbegu tu. Nikavizungushia miiba mbuzi wasile, nikangoja, nikakata vichwa, nikajaza kibuyu mpaka shingoni. Mama mkwe aliporudi alikitikisa sikioni, akamimina kidogo kiganjani. "Nyeusi. Nzito. Kazi umeifanya." Nilitakiwa kusema palepale. Niliinama nikapokea sifa isiyo yangu.

Kwa kuwa mbegu ilikuwa nyingi, mwaka uliofuata tukaongeza majaruba mawili. Miche iliota vizuri kitaluni, tukaipandikiza wote, na wifi yangu mdogo Eliwaza alifanya kazi kutuzidi, maana alikuwa amefaulu kwenda sekondari na vitunguu hivyo ndivyo vya kumpeleka. Vilipofika wakati wa kujaa, shingo zikakakamaa. Vikonyo vya maua vikachomoza, jaruba hili, na lile, na lile.

"Wifi, tumwite mpiga picha," Eliwaza akanitania. "Shamba limekuwa la harusi."

Mama mkwe hakucheka. Aling'oa kimoja, akakipasua kwa kisu. Katikati palikuwa na kijiti kigumu, na nyama ya kitunguu pembeni ni kidogo kama ganda.

"Mbegu hii ilitoka wapi?"

"Si ni ile yako, mama."

"Mke wa Yohana." Alitaja jina tu, akangoja. Alikuwa na kungoja kwake ambako huwezi kushindana nako. Nikasema yote, kikapu, shangazi, bonde na kibuyu.

Hakupiga kelele. Alinishikisha zile nusu mbili za kitunguu, moja kila mkono, akasema, "Kitunguu kina kazi mbili. Kwanza majani yanapika chakula kwa jua na kukishusha chini, kinajaza tumbo. Kikishapumzika, kikapata baridi, ndipo kinatumia ile akiba kulisha ua na mbegu. Hiki kimeruka kazi ya kwanza. Na wewe ukapita bonde zima, ukachagua vilivyoruka kazi, ukavizalisha."

"Sikujua, mama."

"Nilikuuliza kama umeelewa. Na wageni ungewapa kuku."

"Yohana hakuwepo wa kuniruhusu."

"Ungewapa wote wanne, ningemjibu mimi."

Tulivuna vitu vyembamba. Wenye lori waliokuja kununua walivitazama, wakapanda wakaondoka. Tulivyoweka uchanjani vilianza kuoza kwenye kile kijiti kabla mwezi haujaisha. Eliwaza hakwenda sekondari mwaka ule. Alibaki nyumbani, tunatwanga mtama kinu kimoja, na hakunitania tena. Nilikuwa naomba anitanie.

Mbegu ya zamani haikuwepo tena, hata punje. Mama mkwe akaniambia, "Utakwenda Ikungi ukaombe ulichotoa." Wanangu, kurudi kwa mtu kuomba zawadi uliyompa mwenyewe ni aibu ambayo siwaombei. Nilikwenda. Shangazi akashangaa. "Vitunguu vya mwaka juzi? Mbona tulivila." Aliponitazama usoni akaingia ndani, akatoka na fundo la kitambaa. Vitunguu vitatu vilikuwa vimeota kikapuni, akavichomeka nyuma ya jiko apate majani ya mboga. Baadaye vikachanua, naye akafunga mbegu, hata sababu hakuijua. Mama mkwe alipofungua lile fundo alisema mbegu ya kitunguu inazeeka upesi, tusimwage kitaluni kwa kubahatisha. Alihesabu punje kumi, akazikunja kwenye kitambaa chenye maji. Siku ya nane zilikuwa zimeota nne.

"Nne zinatosha kuanza," akasema.

Kitalu chetu mwaka ule hakikuzidi mkeka wa kulalia. Kila asubuhi nilipita mche kwa mche, na kitunguu kilichojaribu kutoa ua nilikitoa kabla nyuki hawajakiona, maana nyuki anachukua unga wa ua la hovyo na kuupeleka kwenye ua zuri, na mbegu yote inachanganyika. Ilituchukua miaka mitatu kurudisha shamba. Eliwaza alirudia darasa la saba, akafaulu tena, akaenda. Siku ya safari alinigeukia akasema, "Wifi, nikirudi nisikute harusi bondeni." Nililia, nikacheka.

Sasa nyie. Bwana shamba aliniambia, na mimi naamini, kwamba hata mbegu nzuri inaweza kutoa ua mapema kama mche umekaa sana kitaluni ukazeeka, au baridi imeukuta umeshakuwa mkubwa. Sawa. Lakini kwa macho hamwezi kujua kipi kimechanua kwa baridi na kipi kwa damu yake, kwa hiyo msichukue mbegu ya chochote kilichochanua mwaka wa kwanza, hata kiwe na kichwa kizuri namna gani. Mbegu ni mtoto, huwa anafuata waliomzaa. Chagueni vilivyojaa na kukomaa, vile ambavyo mkono unatamani kuvila. Vipumzisheni, vipandeni baridi ikianza, mbali na maua mengine ya vitunguu. Mkitaka kujua kama mbegu ingali hai, ipimeni kwenye kitambaa. Na mtu akikuagiza kazi, muulize sababu, hata kama ni mama mkwe. Atakuona msumbufu kwa siku moja tu. Mimi nilionekana mtiifu, tukapoteza miaka.

Mungu awape macho ya kuchagua na mikono isiyokionea huruma kilicho kibaya. Mvua yenu iwe ya kiasi, na mlichopanda kiwajue.

Neema alipokuwa anarudi shule nilikusanya watu wote wa nyumba hii, hata baba yake, nikaagiza hivi: kitunguu kilichojichanulia bondeni king'olewe siku hiyohiyo, kiingie chunguni jioni. Vilivyoko uchanjani visiguswe, aje nani, aondoke saa ngapi. Mgeni apewe kuku, na mwenye kuku asipokuwepo, kuku akamatwe tu. Nitajibu mimi.