Birika la Kuoshea Wafu Wetu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa tohara, ambaye kwake hakuna amana inayopotea. Ameniachia uzee wenye kumbukumbu, nami namshukuru, hata kwa kumbukumbu za mambo yaliyonishinda.

Mama yangu alikuwa na birika la shaba lenye shingo ndefu. Baba yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara, alilileta kutoka pwani akiwa amelifunga juu ya mizigo ya watu wengine. Kwetu, nje kidogo ya Tura, birika hilo halikuchemshiwa chai hata siku moja. Lilikuwa la udhu na la kuoshea maiti. Babu aliogeshwa kwa birika hilo, na bibi, na dada zangu wawili waliokufa wachanga.

Siku moja kabla ya lori kuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, alifika bwana mmoja aliyekuwa akikusanya vitu vya kale kwa ajili ya chumba kidogo cha makumbusho mjini Tabora. Chumba hicho siku hizi hakipo. Mama alihofia birika lisije likapotea katika kuhama. Akamwuliza, "Mtalitunza?"

"Tutalitunza, bibi. Siku zote."

Nikapewa karatasi nimsomee, maana mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa chuo, nikifundisha watoto Kurani. Karatasi ilisema kwamba chombo kimekuwa mali ya umma na hakitarudishwa. Niliyaona maneno hayo. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye boriti za paa, ambazo nilikuwa sijamaliza kuzing'oa. Nikamwambia kwa ufupi tu, "Wanasema watalitunza." Akaweka dole gumba.

Mwaka wa pili kijijini, miguu ya mama ilivimba na pumzi ikawa fupi. Asubuhi moja akasema, "Twende mjini nikachukue amana yangu. Sitaki kuja kuoshwa kwa kopo." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Safari nzima ya treni nilitazama miombo ikipita dirishani.

Tulipoteremka Tabora alitaka tupite mitaa ya kale, aliyoizunguka na baba yake utotoni. Alinionyesha kwa fimbo nyumba za udongo zenye kuta nene, na milango ya nakshi, mingine imetiwa makufuli yaliyoota kutu. "Hapa walilaza mizigo," alisema. "Hapa baba alikuwa akininunulia tende." Kila hatua kumi alisimama kupumua. Kwenye bustani aliketi juu ya benchi la saruji, akaivua viatu ile miguu yake, akacheka, "Itazame, kama ya ndovu." Kisha tukapitia sokoni, akanunua chupa ya asali. Nilimwuliza ya nini.

"Ya huyo aliyenitunzia. Mtu hafuati amana mikono mitupu."

Mlinzi wa kile chumba alikuwa Mzaramo, mtu wa makamo. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu siku za misafara, na hao wawili walijuana kwa lafudhi tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimefuata birika langu."

Akadhani ni mzaha. "Mnyamwezi huyo, keshatamani mzigo! Misafara imekwisha, bibi. Siku hizi kuna treni."

"Babu zangu walifika kwenu na njaa, babu zako wakawauzia nazi mbovu," mama akamjibu. "Ondoka mlangoni, mtani."

Akatupisha huku akicheka. Birika lilikuwa juu ya meza, limezungushiwa kamba, limesuguliwa mpaka unaona uso wako. Chini yake palikuwa na kibandiko: Birika la kahawa.

Nilipomsomea, mama akashangaa, "Kahawa?" Akalishika shingoni alinyanyue. Halikutikisika.

Mlinzi akaacha kucheka. "Limefungwa skrubu, bibi. Kwa ajili ya wezi. Kitako kimetobolewa ili lishike mezani."

"Mmelitoboa?"

"Si mimi, mtani. Nimelikuta hivyo."

"Kwenu, mkipewa mtoto mumlee, humpigilia msumari asipotee?"

Mlinzi akaenda kabatini, akatoa ile karatasi, akaisoma yote kwa sauti, pole pole, bila kuruka neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia alama ya dole gumba lake pale chini ya karatasi. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa na haraka siku ile, mwanangu."

Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Nilimwomba mlinzi atusaidie. Alisema ruhusa ni ya wakubwa Dar es Salaam. "Na hata nikilifungua, maji yatapita." Nilimtajia fundi wa kuziba sufuria pale sokoni. Akainamisha kichwa. Naye alikuwa hana uwezo, kama mimi.

Mama akalipangusa birika kwa upindo wa kanga, akisoma Fatiha. Alipomaliza, akampa mlinzi ile chupa ya asali. Yule mtu akarudi nyuma.

"Pokea," mama alisema. "Cha mtani hakikataliwi."

Niliandika barua Dar es Salaam mara mbili. Sikujibiwa. Mama alifariki kabla ya mvua za kwanza. Wanawake wa kijiji walimwosha kwa jagi la plastiki la buluu, tuliloazimwa na jirani yetu Mkristo, ambaye pia aliteka maji yote ya josho, ndoo kwa ndoo, bila kuombwa. Mungu amlipe. Mimi nilikaa nje ya ukuta. Shaba ilikuwa ikilia maji yanapopita shingoni; tangu utoto niliijua sauti ile. Siku hiyo nilitega sikio, nisisikie ila maji yenyewe yakianguka chini.

Najua kinachotoharisha ni maji, si chombo. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu miaka mingi, na ni kweli.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akujaalie mtu wa kukusomea karatasi yako yote, na siku yako ikifika akuoshe kwa maji ya rehema yake. Amina.